Kokoto la Shosho

Asubuhi hii, nikimwaga takataka nyuma ya nyumba ninayofanyia kazi hapa Jeddah, nimeokota kokoto jeupe nikalitia mfukoni. Haki ya Mungu, mkono ulijiendea wenyewe. Ukitaka kujua ulifundishwa na nani, keti nikueleze.

Nililelewa na shosho, nyanya yangu, naye alikuwa mtunzaji wa makumbusho ya Wayahudi katika mji wetu mdogo wa Bonde la Ufa. Usishangae. Zamani walikuwako pale, wenye duka la vitambaa, wenye kinu cha unga, na shosho akiwa msichana alifanya kazi za nyumbani kwao. Walipohama, nyumba yao ya sala ikageuzwa makumbusho, naye akaachiwa ufunguo. Ijumaa nikitoka shule kazi ilikuwa yangu: kusugua vinara vya mishumaa kwa majivu na ndimu, kukung'uta shuka za kusalia zenye vishada, kupangusa picha ya watoto wao wakiguguna mahindi ya kuchoma kama sisi tu. Sakafu ilinukia nta. Jikoni shosho alioka mkate uliosukwa kama nywele, alivyofunzwa na tajiri wake, nami nikimegewa pembe ingali moto, naungua ulimi, nacheka.

Halafu tulikwenda makaburini nyuma ya nyumba. Wale watu hawakuweka maua. Aliyezuru kaburi aliacha kokoto juu yake, ijulikane kuna mtu aliyefika. Lakini wenyewe walikuwa ng'ambo, kwa hiyo shosho aliwazuru yeye. "Weka, mama, weka," aliniambia. "Wasidhani wamesahauliwa." Na alinionya kabisa kwamba siku yake ikifika, nisithubutu kumletea maua ya plastiki.

Kisha maajenti wa kazi za Uarabuni wakaingia hadi vijijini, na wasichana tukapandishwa ndege makundi kwa makundi. Mimi nikaangukia Riyadh. Huko ndiko simu ya binamu yangu ilikonikuta nikikwangua sufuria ya wali: shosho ametutoka. Nililia ndani ya taulo ili watoto wa watu wasishtuke. Nikamwomba baba mwenye nyumba aniruhusu nikazike. Akasema mkataba haujaisha, halas, basi, na pasipoti yangu alikuwa nayo yeye, kafili wangu, mdhamini aliyenileta. Basi nikaokota kokoto pale uani, nikalifunga kwenye leso, nikalificha chini ya mto. Ningelipeleka mwenyewe nikirudi.

Madam, mkewe, akaliona akitafuta shuka. Weee! Zile kelele! "Sihiri! Unawaroga watoto wangu!" Ningesema nini katika nyumba ile? Kwamba ni desturi niliyojifunza kwenye makumbusho ya Wayahudi? Si ningejichimbia shimo? "Mafi sihiri, madam, mafi," hakuna uchawi, ndilo pekee lililonitoka. Baba akalishika kokoto langu kwa karatasi, hataki limguse, akaenda kulitupa nisikokujua. Wiki haikuisha, nikaletwa huku Jeddah kwa mama yake madam. Si mbaya, bibi huyu. Hunisalimia.

Na makumbusho? Kiwanja kimeuzwa, nyumba imebomolewa, makaburi yamezungushiwa mabati, na pale palipokuwa jikoni wanauza simiti. Vinara, hakuna anayejua viliko. Siku za Ijumaa nikimwokea bibi mikate yake huwa nasimama mbele ya jiko nikiinusa, nikiitafuta ile harufu. Siipati. Inaniuma, ndugu yangu, inaniuma sana. Shosho alikaa miaka akiwatunzia watu kumbukumbu zao, na zake hakuna aliyezitunza.

Jana usiku nilimpigia binamu nikamwuliza kaburi la shosho liko aje. Binamu yangu ni mtu mwema, hana hila.

"Usijali, dada," akasema, na sauti yake imejaa fahari. "Tunalifagia kila Jumamosi. Liko safi, halina hata kokoto moja."

Nilitaka kumwambia aniwekee. Nikaghairi. Shosho hakutuma mtu. Aliinuka akaenda kwa miguu yake. Kokoto huwekwa na aliyefika, na mimi sijafika.