Nyigu Ndani ya Nyigu

Kituoni walimwita Macho Sindano, kwa kuwa alikuwa mshonaji kabla ya kupewa kazi ya kulea nyigu wa kupelekwa mashambani kuua viwavi. Nyigu wenyewe ni wadogo kuliko punje ya mchele. Hutaga mayai ndani ya viwavi wa kabichi. Watoto wao humla kiwavi angali hai, kisha hutoka na kujifumia vifukofuko vyeupe ubavuni mwake.

Asubuhi ya kupeleka maboksi mashambani, gari lilikuwa likinguruma uani. Dereva alikuwa mume wa dada yake, na shamba la kwanza kupelekewa lilikuwa la dereva huyo mwenyewe. Macho Sindano akainua sahani ya mwisho ya vifukofuko, akaona nyigu wa aina nyingine, mweusi ti, anapapasa kifukofuko akitafuta pa kudunga. Akatoka mbio hadi uani.

"Zima gari, shemeji."

"Shemeji, viwavi wangu hawajui kusubiri. Leta mzigo."

"Mzigo umeingiliwa."

Mkuu wa kituo, mama wa maneno machache, aliitwa. Wakapasua vifukofuko kumi chini ya hadubini. Vinne vilikuwa na funza mgeni, anamnyonya mtoto wa nyigu vilevile huyo alivyomnyonya kiwavi.

"Hawa wanawindana tangu enzi na enzi," mkuu alisema. "Huyu kajifunza kujificha, yule kajifunza kumnusa. Tukiwatoa hivi, tumempelekea mkulima adui. Kaingiaje?"

Macho Sindano alijua. Wavu wa dirisha ulichanika wiki tatu nyuma, na yeye, mshonaji mzima, akasema kesho. Angeweza kuwasingizia panya. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni, anasikia.

"Ni mimi. Niliuona wavu, nikauacha."

Mkuu hakumgombeza, na hilo lilimuuma zaidi. Akataka wote wachomwe. Macho Sindano akaomba siku nne: kila kifukofuko kwenye kichupa chake, kizibwe kwa pamba, na kila atakayetoka akaguliwe. Vilikuwa elfu mbili na ushei. Shingo ilikakamaa, macho yakawaka kama yametiwa pilipili. Waliopona walizidi nusu kidogo tu.

Shemeji alipokea boksi lake, akaondoa gari. Sehemu kubwa ya kabichi zake ilikuwa imeshabaki mishipa mitupu. Dada alimkatia Macho Sindano simu mara mbili. Ya tatu akapokea.

"Hao wako wameanza kazi?"

"Wape siku chache, dada. Na msipulize dawa."

"Hatujapuliza," dada akasema, bado amenuna. "Njoo uwaangalie mwenyewe. Sisi hatuwaoni."