Sioni Kope

Habari za kifo cha rafiki yangu zilinikuta sokoni Bomang'ombe nikichagua nyanya, na naomba radhi mapema, wasomaji wangu: nilicheka. Mama muuza nyanya alinikazia macho. Lakini sikieni kwanza alichoniambia mdogo wa marehemu kwenye simu: "Aisee, kaka ametutoka. Tunazika Jumamosi. Mama anaomba amwone akitembea, hata mara moja tu, na hatuna video yake hata moja." Huyo ni mtu aliyerekodi harusi za mlimani kuanzia Mkuu hadi Bomang'ombe! Miaka yote hiyo alikuwa nyuma ya kamera. Niliacha nyanya zangu pale, nikapanda gari la kwenda Moshi.

Tulifahamiana alipohariri video ya kipaimara cha binti yangu, akatupa karibu nusu yake. Kila kipande alikikuza mpaka uso ukajaa kioo cha kompyuta, kisha akasogeza miwani. "Sioni kope," alisema, na kipande kikaenda kwenye folda aliyoiita Takataka. Kamera ikitikisika, Takataka. Uso ukiungua kwa jua ukabaki weupe mtupu, Takataka. Nilipomwambia ana roho mbaya, alinijibu kwamba mteja husamehe siku ya harusi tu, kesho yake anaanza kukagua.

Siku moja huko Mwika alinaswa yeye. Ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, aliletwa mbele ya maharusi na jani lake mdomoni, na kamera, ambayo ilikuwa inajilengea yenyewe, ikampenda mbuzi. Meno ya ndafu yalihesabika yote. Bibi harusi nyuma yake alikuwa ukungu mtupu. Rafiki yangu alimpigia simu mama wa bibi harusi mbele yangu, jasho linamtoka.

"Shikamoo mama. Ndafu ametoka vizuri sana."

"Marahaba. Mae! Ndafu nilimlisha mwenyewe, namjua. Mwanangu yuko wapi?"

Jumatatu alipanda tena Mwika. Maharusi walivaa upya, ndafu keshaliwa, wakawa wanakata hewa kwa kisu huku wakitabasamu. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Basi mimi na mdogo wa marehemu tulifungua Takataka, tukapekua siku nzima, na tukamkuta kwenye harusi ileile. Alikuwa ameweka kamera juu ya kiti akasahau kuizima. Picha imelala ubavu, imelenga kata ya pombe ya mbege. Nyuma yake, ukungu mtupu, jamaa anakatiza uwanja na sahani ya nyama, anacheza, kiuno kimelegea, nusura ammwagie mchungaji mchuzi. Tulicheka, tukalia, tukacheka tena.

Ijumaa mchana tuliiweka kompyuta mbele ya mama yake, sebuleni. Niliona aibu kidogo.

"Samahani mama, haionekani vizuri. Hata kope hazionekani."

"Kope zake nilianza mimi kuziona," alisema, macho kwenye kioo. "Rudisha hapo anapocheza."

Tulirudisha mara saba. Mara ya saba mama naye alikuwa anacheza, palepale kwenye kiti.

Siku hizi sote ni wahariri, simu mkononi, tunafuta kila kilichotikisika. Msifute, jamani. Marehemu alijua kuhukumu picha kuliko sisi sote, na ile folda ya Takataka hakuifuta hata siku moja.