Uzi wa Machi kwa Panya Vipara

Zlatina Kehayova amewatunza panya vipara miaka kumi na tisa, hapa maabara ya utafiti Plovdiv, na sijaona mikono misafi kuliko yake. Panya hao huzaliwa bila manyoya na bila kinga. Kijidudu ambacho wewe hakikupigishi hata chafya, wao kinawaua. Hivyo tunaoga kabla ya kuingia, tunavaa ovaroli, barakoa na glavu mbili. Mimi ninayeosha na kuingiza vizimba vyao naona kero. Yeye hajawahi kulalamika.

Wiki ya pili ya Machi panya wakaanza kutokwa na mba za njano mgongoni. Kizimba kimoja Jumatatu, kumi na vitatu Ijumaa. Daktari Velinov, anayesimamia afya ya panya, akapima pua zetu, maji, chakula, asipate kitu. Panya wote wa chumba cha kwanza wakauawa. Kilibaki cha pili, chenye panya waliopandikizwa uvimbe wa wagonjwa wa saratani, kazi ya miaka minne. Kila asubuhi tulikifungua tukiwa tumebana pumzi. Niliogopa hata kujikuna.

Siku moja tukivua glavu, mkono wa ovaroli ya Zlatina ukapanda. Nikaona uzi wa sufu, mwekundu na mweupe, juu kidogo ya kiganja. Kwetu watu hufungiana uzi huo kila tarehe mosi Machi kwa heri na afya, na hauvuliwi mpaka umwone korongo wa kwanza wa mwaka. Wangu niliuacha nyumbani tangu tarehe mosi, kama tulivyoamriwa. Nikamshika mkono huo.

"Shoga, una wazimu? Unaingia na sufu humo?"

Akanivuta kando. "Binti yangu Nevena ndiye aliyenifunga. Mimba mbili zimemtoka, hii ya tatu. Kasema nisiuvue mpaka nione korongo, ndipo hii itakaa."

"Na korongo mwenyewe akichelewa, tuue na chumba cha pili?"

Sikumwonea huruma, nakiri. Nilikasirika hadi nikataka kwenda kumsemea. Yeye akachukua mkasi, akaukata, akampelekea Velinov mwenyewe ndani ya mfuko wa plastiki.

Majibu yakaja baada ya siku tatu: sufu ilijaa bakteria wale wale wa mba za panya. Wakamtoa vyumbani, akaletwa kwangu kuosha vizimba. Chumba cha pili kikapona, wote tukashusha pumzi, isipokuwa Zlatina. Binti yake hakuwa ameambiwa kwamba uzi umekatwa, na kila simu ilipoita mama alishtuka.

Jumanne ikaita kweli. Nevena alikuwa hospitali, mjini Yambol, ameanza kutokwa damu. Mikono ya Zlatina ilikuwa na sabuni, ikabidi nimshikie simu, nikasikia yote.

"Mama, ule uzi bado unao?"

Zlatina aliutazama mkono wake mtupu.

"Ninao, mwanangu. Lala."

Mimi ninayeucheka uzi huo kila mwaka niliingiwa na hofu, nikashindwa kumtazama usoni.