Bi Somoe na Mihimili ya Dola

Bi Somoe binti Saidi alivuka Ruvuma akiwa na umri wa miaka kumi na saba, akitokea Kionga upande wa Msumbiji, akaja Mahurunga kuolewa na Hemedi, mkulima wa korosho. Tangu siku hiyo imepita miaka arobaini na sita. Alizaa watoto wawili, na wote wawili amewazika katika ardhi ya Mahurunga. Mikorosho themanini aliipanda kwa mikono yake, na Hemedi, katika uhai wake na akili zake timamu, akampa shamba hilo kwa hiba mbele ya mashahidi liwe lake peke yake.

Hakuna aliyewahi kumwuliza yeye ni raia wa nchi gani. Swali hilo lilikuja baada ya Hemedi kufariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, wapimaji wa ardhi walipofika kijijini kuandikisha mashamba kwa hati za kimila. Karani wao alimweleza kwa upole kwamba jina la asiye raia haliandikwi katika hati. Mumewe alipokuwa hai njia ingekuwa fupi, ile ya mke wa raia, lakini nani angelifikiria jambo hilo? Sasa ilibaki njia moja, nayo ni kuomba uraia, kujaza fomu, na kuketi mbele ya afisa na kuulizwa juu ya Katiba na namna nchi inavyotawaliwa.

Abdulkarimu, mdogo wake marehemu, naye akiwa mmoja wa mashahidi wa ile hiba, alikuwa na shauri jepesi.

"Shemeji, liandikwe jina langu. Mimi na wewe tunajuana."

"Tunajuana, Abdulkarimu. Na wanao wakija kuisoma hati, watajuana na nani?"

Abdulkarimu alikuwa mtu mwema, na wema wake ulimchosha Bi Somoe zaidi ya ubaya, kwa sababu haukumwachia pa kugombania.

Mwalimu wake akawa Husna, binti wa huyo huyo Abdulkarimu, aliyemaliza kidato cha nne. Kila alasiri waliketi uani wakimenya mihogo ya kukausha makopa, Husna akasoma kutoka kwenye kijitabu cha uraia. Bi Somoe hakujua herufi za Kizungu. Alichokijua ni kile alichofunzwa na baba yake katika chuo cha Kurani huko Kionga. Basi alifuta mikono kwa kanga, akafungua daftari kuanzia upande wa kulia, akayaandika maneno ya serikali kwa herufi za Kiarabu, kisha akayahifadhi kama alivyohifadhi juzuu zake utotoni: anasoma, anayumba taratibu, anarudia, hasongi mbele mpaka ya nyuma yamekaa.

Kwa miezi miwili alihifadhi yote. Hapo ndipo ilipoonekana kasoro.

"Mama mkubwa, Waziri Mkuu anateuliwa na nani?"

"Jamhuri ya Muungano wa Tanzania iliundwa tarehe ishirini na sita Aprili, mwaka elfu moja mia tisa sitini na nne, kwa kuungana..."

"Sijauliza Muungano, mama mkubwa! Nimeuliza Waziri Mkuu."

"Nakwenda huko. Usinikate."

"Afisa hatakungoja ufike. Anauliza hapa, unajibu hapa."

"Wewe umewahi kumwona mtu anauingilia Msahafu kiunoni?"

Husna alicheka hadi kisu kikamponyoka, lakini hofu ilimwingia. Alijaribu kumvunja mazoea hayo. Alimwuliza juu ya Bunge huku akichota maji, akamwuliza juu ya wilaya katikati ya mlo. Bi Somoe alitafuta, akaambulia patupu. Maarifa yalikuwamo, ila yalishonwa kwa uzi mmoja, na uzi ulikuwa na ncha moja tu ya kushika. Abdulkarimu alipopita akasema, "Shemeji, ukishapata ubunge usitusahau barabara." Bi Somoe hakuinua uso. Macho yalimuuma, mgongo ulimuuma, na umri wa miaka sitini na mitatu si umri wa kuanza chuo.

Siku ya usaili waliondoka alfajiri, wakafika Mtwara mjini jua likiwa tayari kali. Afisa aliyewapokea aliitwa Lukasi, mtu wa makamo mwenye adabu, na mezani kwake palikuwa na karatasi ya maswali kumi na mawili. Husna alitakiwa abaki barazani.

"Mama, shikamoo. Tuanze. Mihimili ya dola ni mingapi, na ni ipi?"

"Marahaba, mwanangu. Jamhuri ya Muungano wa Tanzania iliundwa tarehe ishirini na sita Aprili..."

"Mama, nimeuliza mihimili."

Bi Somoe alijaribu kuurukia mhimili wa kwanza, asiuone. Akarudi mwanzo, akakatizwa tena. Mara ya tatu Lukasi aliweka kalamu chini.

"Mama, nikiandika kwamba hujui, utanielewa?"

"Ukiandika hivyo utakuwa umeandika uongo, mwanangu, na sitaki uongo huo ukufuate kwa sababu yangu. Najua. Ila sikufundishwa kuingia dirishani. Niache nianzie mlangoni."

"Ni muda gani, kuanzia mlangoni?"

"Robo saa. Labda na zaidi kidogo, sauti yangu imechoka."

"Nje kuna watu tisa."

"Basi waingie wao. Mimi niweke wa mwisho."

Lukasi akakubali.

Bi Somoe alikaa kwenye benchi saa baada ya saa. Adhuhuri aliswali nyuma ya jengo, akarudi. Husna alimletea chai, hakuinywa, kwa kuogopa kukohoa. Saa kumi kasorobo aliitwa.

Safari hii Lukasi hakuuliza neno. Alikunjua karatasi yake, akasema, "Haya, mama." Bi Somoe akafumba macho, akaanza. Ulipita Muungano, zikapita pande zake mbili, ikaja Serikali, na Rais na miaka yake mitano, na vipindi visivyozidi viwili. Na kila lilipopita jibu la swali mojawapo, kalamu ya Lukasi iliweka alama. Bunge likapita. Waziri Mkuu akapita, ameteuliwa na Rais na kuthibitishwa na Bunge. Ikaja Mahakama: ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi. Hapo akakwama.

Midomo ilitikisika bila sauti. Alirudi nyuma hadi Bunge, akaja mbio, akakwama palepale. Alikuwa na nguvu za kurudi mara moja tu, wala si za kuanza upya tangu mwanzo.

"Kuu," akasema Lukasi, kwa sauti ndogo.

"Mahakama Kuu," akadaka Bi Somoe, "na Mahakama ya Rufani, iliyo ya juu kuliko zote..." na hakusimama tena mpaka mwisho wa daftari.

Alipofumbua macho alimwona afisa akiandika.

"Umeandika nini, mwanangu?"

"Kwamba umejibu yote kumi na mawili. Na kwamba nilikusaidia neno moja."

"Umefanya vyema kuliandika."

"Si mimi ninayeamua, mama. Jalada linapanda juu. Huenda ikawa mwaka, huenda ikazidi."

"Na wapimaji wanafunga daftari lao Alhamisi ijayo."

"Hilo sina uwezo nalo."

Alhamisi ilipofika, karani wa ardhi alisimama kwenye mpaka wa shamba la mikorosho themanini, akauliza jina. Abdulkarimu alikuwapo, na Husna nyuma yake, akimkazia baba yake macho. Bi Somoe alikuwa ameketi kwenye kisiki, hana hata hamu ya kusimama.

"Andika mpaka," akasema Abdulkarimu. "Jina acha wazi."

"Mzee, likiwa wazi hati haitoki. Linakaa kama shamba la mgogoro."

"Hakuna mgogoro. Andika kwamba mwenyewe anasubiri jibu la serikali, na mimi ni shahidi wake. Weka jina langu hapo pa shahidi."

Karani akatazama huku na huku, akaandika. Bi Somoe alimshukuru Mungu kimoyomoyo, kisha akamwomba Husna amshike mkono amwinue, kwani mihogo ilikuwa bado haijamenywa.