Kadi ya Mwalimu Iko kwa Mjomba

Anavunja chaki moja vipande vitatu, viwili anavitia mfukoni mwa sketi. Mbele yake darasa la tatu limekaa wanne wanne kwenye madawati ya wawili, na waliokosa dawati wako sakafuni, daftari mapajani. Anaandika hesabu za kutoa ubaoni. Akigeuka anashika ukingo wa meza, anasubiri kizunguzungu kipite, kisha anaendelea kana kwamba alikuwa anatafuta kifutio.

Hajala tangu jana mchana.

Wanafunzi wanamwita Ticha Mpya. Huu ni mwaka wake wa pili hapa na upya bado haujamtoka. "Labda nitazeeka nao," anasema, akicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Ana miaka ishirini na sita, na kwao ni safari ya basi ya mchana kutwa na usiku wake.

Amepanga chumba nyuma ya mashine ya kusaga. Mashine ikiwashwa ukuta unatetemeka, na vumbi la unga linapenya dirishani likatua kwenye godoro, kwenye ndoo, kwenye daftari anazosahihisha. "Chumba kizima kina unga," anasema. "Sufuria tu ndiyo haina."

Aliporipoti kazini alipewa darasa siku hiyo hiyo. Mshahara aliambiwa asubiri mpaka jina lake liingizwe. Posho ya kujikimu aliambiwa iko njiani, na mpaka leo iko njiani. Pengine inakuja kwa miguu. Siku ya kuwapangia walimu vituo wakubwa hawakosei kuhesabu hata kichwa kimoja. Siku ya kuwalipa, hesabu zinawashinda.

Haikuwa hivi zamani, na wenye kumbukumbu hawajafa wote. Mwalimu mgeni alikuta nyumba ya shule, kitanda, na pesa ya kuanzia maisha. Nyumba zile zipo bado nyuma ya uwanja wa mpira. Mabati yaling'olewa yakaenda kuezeka kwa wenye vyeo, zikabaki kuta, na mbuzi wanaojikinga jua.

Miezi minne Ticha Mpya alifundisha bila kulipwa. Mwenye nyumba alivumilia miwili. Ndipo wenzake ofisini wakamwelekeza kwa Mjomba.

Mjomba si mjomba wa mtu. Ni mwalimu mkuu msaidizi, mpole wa sauti, mwenye kuvaa koti hata jua likiwaka, na wanamwita hivyo kwa sababu ukikwama ndiye unayemwendea. Ukichukua kumi, mwisho wa mwezi unarudisha kumi na nne. Dhamana ni kadi yako ya benki pamoja na namba yake ya siri. Mishahara ikitoka, Mjomba anakwenda mjini na kadi za walimu ndani ya boksi tupu la chaki, anatoa pesa zote, anakata chake, anakuletea kilichobaki. Kisipotosha, na hakitoshi, unakopa tena. Isitoshe, ndiye anayeandika taarifa ya kwamba mwalimu mpya anafaa kuthibitishwa kazini au hafai.

"Nilipokataa mara ya kwanza walinicheka," anasema. "Mwalimu wa sayansi akaniuliza, 'Wewe kadi unaitaka ya nini, kujipepea?'"

Kadi ikaenda.

Lakini kulikuwa na jambo alilolifanya tangu chuoni, akalisahau. Alipofungua akaunti hakuwa na simu, akaandikisha namba ya kaka yake. Kwa hiyo pesa ikiingia au ikitoka, ujumbe wa benki hauji kwake. Unalia kwenye simu ya kaka, nyumbani, mbele ya mama, aliyeuza shamba la bondeni ili binti asome.

Mshahara wa kwanza ulipoingia kaka alipiga kumpongeza. Kesho yake ukatoka wote. Mwezi wa pili vivyo hivyo. Ticha Mpya akituma kidogo cha dawa ya presha ya mama, akisema ndicho alichonacho, kule wanakiweka kando ya tarakimu walizoziona kwenye simu, na nyumba nzima inapiga hesabu zake. Kuna mwanamume. Kuna kiwanja ananunua kimyakimya. Kuna pombe, si ajabu.

Hakujitetea. Angeanzia wapi? Mtoto aliyesomeshwa kwa shamba, amempa mtu kadi yake na namba ya siri juu. Akadanganya kwamba anaweka akiba. Mwezi mmoja, bila neno, mama akaacha kupokea simu zake.

"Nikipiga, inaita mpaka inakata yenyewe," anasema. "Mama hulala na simu yake kifuani. Anaisikia."

Juma lililopita kaka alipiga kwa hasira. Mama alikuwa ameishiwa dawa, na uvumilivu wa kaka ulikuwa umekwisha pia.

"Mdogo wangu, ule mwezi ziliingia za miezi minne kwa mpigo, ukazitoa zote siku moja. Mama alikaa na ile simu mkononi mpaka jioni. Ulikosa hata za dawa?"

Ticha Mpya alikaa juu ya ndoo. Yalikuwa malimbikizo yake. Kila mwisho wa mwezi Mjomba alimwambia hayajaingia, avute subira, na mara moja alimwahidi kumwombea kanisani.

"Nisomee huo ujumbe, kaka," alisema. "Polepole."

Kaka akasoma. Kisha yeye akamwambia yote: boksi, riba, hata siku za kushinda na maji. Halafu kaka akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, kama jioni ile alikuwa amekula.

Kesho yake asubuhi alimkabili Mjomba ofisini, walimu wote wakiwepo. Mjomba hakukana. Alieleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto, kwamba malimbikizo yaliliwa na riba.

"Mwanangu, vijana mna haraka. Kadi ukiitaka chukua sasa hivi. Ila taarifa yako bado iko mezani kwangu."

Wenzake waliinamia daftari. Mwalimu wa sayansi alisahihisha ukurasa ambao alikuwa ameshausahihisha. Kadi zao zimo ndani ya boksi hilo hilo.

"Kaa nayo, Mjomba," akamjibu, akatoka kwenda darasani.

Jumamosi atakwenda benki mjini, kwa miguu, aifunge kadi ile, Mjomba abaki na plastiki tupu, na aombe nyingine. Kisha atapeleka mashtaka kwa wakubwa wa elimu, ambao baadhi yao, anavyosikia, nao waliwahi kuwa na mjomba wao. Huenda asithibitishwe. Anajua. "Kuna kufukuzwa nikiwa na kadi yangu," anasema, "na kuna kubaki nikiwa sina. Nimechagua."

Namba ya kaka ataiacha palepale kwenye akaunti. Anataka mama aone pesa ikiingia, na aone imekwenda wapi.

Jana jioni alimpigia mama. Iliita sana, kisha ikapokelewa. Hapakuwa na salamu, pumzi tu. Akaanza kueleza tangu mwanzo, kwa kupaza sauti kwa sababu ya mashine, na mama akasikiliza yote.

Mama hakukata simu. Kilichoikata ni salio.