Mjane wa Makumira aliyeandikiwa ‘hana kazi’

Saa mbili kasoro robo asubuhi, na Ndeshi Manase ameshaudhika.

Amepiga magoti kwenye sakafu ya chumba chake cha kushonea, Makumira, pini tatu mdomoni, akipima urefu wa joho la mchungaji aliyesimama juu ya stuli. Mchungaji anauliza, kwa nia njema kabisa, “Mama Diana, kumbe bado upo?”

Mama Diana anatoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, kabla ya kujibu.

“Bado nipo, Mchungaji. Simama wima, joho litapinda.”

Swali hilo chanzo chake ni Februari. Mwezi huo usharika wake ulimwita mbele ya madhabahu, ukamwombea safari njema ya Kanada viza ikiwa bado inasubiriwa, ukamkabidhi kitenge na sweta zito la sufu. Watu walimkumbatia. Wapo waliolia. Wiki tano baadaye ikaja barua: ombi lake la viza limekataliwa.

“Unarudije kanisani na sweta la watu?” anauliza. “Nilikaa nyumbani Jumapili mbili. Ya tatu nikasema liwalo na liwe, nikaenda. Mlangoni, bado upo? Kwenye sadaka, bado upo? Nikajiona kama mgeni aliyeaga halafu akasahau mlango uko wapi.”

Kibaya zaidi, kwaya mbili zilikuwa zimeshapeleka vitambaa vyao kwa mafundi wa mjini. Walijua ameondoka. Nani atamlaumu mtu aliyesikia tangazo kanisani kwa masikio yake?

Ndeshi ana miaka 64. Ameshona tangu mwaka 1983, kwanza magauni ya harusi, kisha sare za kwaya, na sasa zaidi majoho ya wachungaji na ya mahafali. Anafanya kazi na Simaloi Lengai, fundi mwenzake kwa miaka kumi na mmoja. Mwezi wa kawaida yeye hubakiwa na kama laki nne na nusu. Msimu wa mahafali, Oktoba na Novemba, hupata mara tatu ya hapo na hulala akiwa na uzi kwenye nywele.

Mumewe, Manase, alikuwa fundi umeme. Alifariki miaka sita iliyopita kwa shinikizo la damu, asubuhi, akifunga kamba za viatu. Ndeshi akabaki peke yake kwenye nyumba ya vyumba vinne, watoto wote wakiwa ng’ambo.

Diana, 36, ni nesi mjini Winnipeg, Kanada. Nathanael, 31, yuko Ujerumani, anahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Baada ya msiba wote wawili walikuja na neno moja: mama asikae peke yake.

“Kila mmoja akawa ananitaka kwake,” anasema Ndeshi. “Hakuna aliyeniuliza mimi nataka nini. Nilitaka kuwaona, ndiyo. Kuhama sikusema.”

Nathanael alianza kuulizia utaratibu wa Ujerumani. Alielezwa kwamba, kwa aina ya kibali alicho nacho, mzazi wa mtu mzima hupokelewa ikiwa tu ana shida kubwa kupita kawaida, kama vile maradhi yanayomfanya asiweze kuishi bila mtoto huyo.

Ndeshi anaweka mkasi mezani kila anapoifikia sehemu hii.

“Kwa hiyo niugue kwanza? Mwanangu kila asubuhi anaogesha mama za watu, anawachana nywele, anawakatia mkate vipande vidogo. Mama yake mwenyewe ni mzima, basi hana nafasi.”

Kwa Diana njia zilikuwa mbili. Ile ya kumhamishia mzazi huko moja kwa moja ilikuwa ikichukua majina kwa bahati nasibu kutoka kwenye orodha iliyoandikishwa mwaka 2020. Wakati huo Diana mwenyewe alikuwa hajapata makazi ya kudumu, kwa hiyo jina lake halimo. Njia ya pili ni viza maalum ya wazazi na mababu, inayomruhusu mzazi kukaa hadi miaka mitano kwa mkupuo mmoja. Inataka bima ya matibabu, vipimo vya afya, na uthibitisho kwamba mtoto anamudu kumtunza.

Walichagua hiyo. Diana alikuwa na ujauzito wa kwanza, na alitaka mama yake awepo akijifungua.

Kwa kuwa fomu zilikuwa nyingi na kwa Kiingereza, Ndeshi alikwenda kwa wakala mmoja wa viza Arusha mjini, alikoelekezwa na mteja. Akatoa laki tatu na nusu. Akasafiri Dar es Salaam mara mbili, mara ya kwanza kuweka alama za vidole, ya pili kupimwa afya. Miguu ilimvimba kwenye basi kwenda na kurudi.

Barua ya kukataliwa ilisema ofisa hakuridhika kwamba mwombaji ataondoka Kanada muda wake ukiisha, kwa kuzingatia familia yake iliyo huko na hali yake ya ajira.

“La familia nilielewa, ingawa liliniuma. Kama mume wangu angekuwa hai wangesema ana wa kumrudia. Lakini la ajira sikulielewa hata kidogo. Ajira yangu ina nini?”

Diana naye hakuelewa. Alimwandikia wakala kuomba nakala ya fomu, akazungushwa siku tisa, akaipata. Akampigia mama yake wakati Ndeshi akipiga pasi kola.

“Mama, hapa kwenye kazi wameandika hana.”

“Hana nini?”

“Hana kazi. Mjane, hana kazi.”

Ndeshi alichomoa pasi ukutani. Simaloi, aliyekuwa kwenye cherehani ya pili, anakumbuka kilichofuata. “Alivua kanga ya kazini, akavaa viatu vya kanisani, akatoka. Nikajua huko anakokwenda kuna mtu ana siku mbaya.”

Wakala, kijana mwenye heshima zake, alisimama alipomwona. “Shikamoo mama.”

“Marahaba. Suruali uliyovaa ameishona nani?”

Kijana akaitazama suruali. “Hii? Nilinunua tu, mama.”

“Aliyeishona hana kazi?”

Hapo akaelewa. Akaeleza kwamba fundi cherehani hana hati ya mshahara, na bila hati ya mshahara maelezo yanakuwa marefu. “Nikaona tuandike hana kazi. Ndiyo rahisi, mama.”

“Rahisi kwa nani?”

Kijana alisema anaweza kumjazia upya kwa nusu bei. Ndeshi aliomba karatasi zake zote, akazihesabu mbele yake, akaondoka.

“Miaka arobaini na kitu,” anasema sasa, na sauti inampanda upya. “Nimesomesha watoto wawili kwa cherehani ya miguu. Nimewavika maaskofu. Halafu kijana ananifuta kwa neno moja kwa sababu maelezo ni marefu! Si uyaandike? Si nilikulipa uyaandike?”

Wakati huo siku zilikuwa zimekwenda. Diana alijifungua katikati ya Mei, kwa upasuaji, mtoto wa kike. Ndeshi alimwona kwenye simu, amefungwa kama mkate.

Kwao Uchagani mwanamke aliyejifungua hulishwa mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, na wa kumpikia ni mama yake. Ikabidi Ndeshi amwelekeze mkwewe, Koikai, kwa video, yeye akiwa Makumira mchana, huko kukiwa ndiyo kunapambazuka.

“Ndizi gani hizo?” alimuuliza.

“Za dukani, mama. Ndizo zilizopo.”

“Hizo za kukaanga, baba. Mtori hautoki hapo.”

Koikai alipika hivyo hivyo. Diana akala, akasema ni mtamu, na Ndeshi akajua anadanganywa. Alikata simu akakaa nje ya duka muda mrefu. “Sijui nilimkasirikia nani,” anasema. “Mkwe wangu alikuwa anajitahidi, maskini. Nadhani nilizikasirikia zile ndizi.”

Ombi la pili walilijaza wenyewe, Diana akiuliza kwa simu na mama akijibu. Kwenye kazi waliandika: fundi wa majoho, amejiajiri. Wakaambatanisha leseni ya biashara, barua ya ofisi ya kijiji, barua za kwaya tatu na oda ya majoho mia moja na arobaini ya mahafali ya Novemba.

Simaloi ndiye aliyekumbuka madaftari ya vipimo. Yako ishirini na mawili kabatini, yana mabega, vifua na viuno vya wateja tangu miaka ya themanini. Walipiga picha kurasa thelathini. Kuna mchungaji mmoja ambaye, kutoka daftari la nane hadi la kumi na tisa, kiuno chake kimeongezeka inchi tisa. Ndeshi alitaka ukurasa huo uwekwe. “Ofisa aone kwamba watu hawa huwa wanarudi, na ni lazima wanikute.”

Jibu lilikuja Agosti: amekubaliwa.

Angetulia, lakini vita vikahamia kwenye tiketi. Diana alitaka kukata ya kwenda tu.

“Viza inakuruhusu miaka mitano, mama. Haraka ya nini?”

“Miaka mitano hufungwa mwizi,” Ndeshi alimjibu. “Kata ya kwenda na kurudi au usikate.”

Walinuniana siku nne. Nathanael akaingilia kati, akamwambia dada yake kwamba anawaona kila siku wazee waliohamishwa wasikotaka, wanakaa dirishani wakiulizia nyumba zao. Siku ya tano tiketi ikaja kwenye simu: kuondoka tarehe kumi na mbili Desemba, kurudi Juni mwanzoni.

Usharika bado hajauambia. Mchungaji wa asubuhi hii amelipa, ameaga, na amemtakia safari njema itakapojaliwa. Ndeshi amemshukuru tu. Majoho themanini na sita yamekwisha, yamebaki hamsini na manne, kisha duka atalishika Simaloi, na wameshakubaliana kwamba oda yoyote itapokelewa kwa jina la wote wawili.

Akiulizwa anatarajia nini huko, halipambi jibu lake. Hataki kuoneshwa maghorofa. Theluji ameiona ya kutosha kwenye simu.

“Huyo mtoto ananijua kama kioo cha simu kinachosema,” anasema, akinyoosha kitambaa cheusi juu ya meza. “Nataka nimwogeshe, nimbebe, anizoee. Nikitoka chumbani anililie. Siku atakayonililia, ndipo nitasema nimefika.”