Pete Tatu Badala ya Kioo Kirefu

Mama mdogo alikuja kuniona siku ya Alhamisi, nikiwa nasahihisha madaftari ya wanafunzi barazani. Alikuwa mfanyabiashara wa vitenge. Katika miaka ya vita vya pili vya nchi yetu, Butembo yetu ikiwa chini ya waasi, yeye aliendelea kupanda lori mpaka Kasindi, akavuka mpaka, akashuka Kampala, akarudi na marobota yake ya vitenge. Alikuwa na miguu mifupi na sauti ya kuamrisha, na askari wa mpakani walimjua kwa jina.

"Naenda Kampala ku mwisho wa mwezi ujao," aliniambia. "Nitakuletea kitu kimoja ya ile aparei yako. Kimoja, unasikia? Na kiingie mu sakoshi yangu. Mi hapana beba sanduku ya mutu."

Aparei aliyoisema ilikuwa kamera yangu ya filimu. Nilikuwa nimeinunua kwa fundi mmoja wa kiwanda cha chai alipofunga nyumba yake na kuondoka nchini. Ilikuwa na kioo kimoja tu cha mbele, kifupi, cha kawaida. Nilikuwa mwalimu wa biolojia katika sekondari ya Kiprotestanti, na kupiga picha haikuwa kazi yangu. Ilikuwa kitu nilichokipenda, kama wengine wanavyopenda kuimba kwaya. Jumamosi nilizunguka mitaani na vilimani nikipiga kile kilichonishika jicho, na ndugu zangu wakasema ningeolewa mapema kama ningeacha.

Mama mdogo alipoondoka, nikageuza daftari moja na kuandika nyuma yake vitu vitatu. Kioo kirefu, cha kuvuta vitu vya mbali. Flashi. Miguu mitatu ya kusimamishia aparei isitikisike. Miguu nikaifuta palepale, haiingii katika sakoshi, mkoba wake wa mkononi. Vikabaki viwili. Kusema kweli moyo wangu ulikuwa umeshachagua. Nilitaka kioo kirefu. Asubuhi za baada ya mvua, ukiwa Beni, milima ya Ruwenzori hujitokeza na theluji yake yote, na kila nilipoipiga kwa kioo changu kifupi ilitoka kama mstari wa chumvi juu ya meza. Nilitaka kuileta karibu.

Nilikwenda kumuuliza mzee wa studio. Alikuwa na duka karibu na soko, lenye pazia lililochorwa bustani na ngazi, na karibu watu wote wa mtaa wetu walikuwa wamepigwa picha ya ndoa mbele ya ngazi ile. Ndiye aliyenifundisha kuingiza filimu bila kuichoma na mwanga. Nikamweleza habari ya flashi na ya mlima wangu.

"Flashi," alisema bila kufikiri. "Batu banakaa mu nyumba, na mu nyumba ni giza. Ule mulima unautakia nini? Haitakimbia."

"Mimi sipigi foto za ndoa, baba."

"Mais, lakini unapiga nini?"

Nikamwonyesha kwa mkono upande wa Beni. Akanitazama, akaingia nyuma ya pazia, akarudi na kioo kirefu chake mwenyewe, kizito kama mchi, chenye ukungu mweupe pembeni kwa ndani.

"Unakwenda Beni kwa dada yako mu konje ya Pasaka, si vile? Beba hii. Jaribu kwanza. Ukirudi, njo utachagua."

Likizo ilipofika nilikibeba kwa furaha, nimekifunga ndani ya kitenge.

Nilisafiri juu ya kamionete, gari dogo la mizigo, pamoja na wanawake waliobeba viazi vya Lubero. Katikati ya njia palikuwa na barière, mti uliolazwa juu ya mapipa mawili. Kwa kawaida tulishuka, tukaonyesha karatasi, tukatoa kitu kidogo, tukapita. Siku ile askari mmoja aliingiza mkono katika mfuko wangu na kuutoa ukiwa umeshika kile kioo.

"Mama, kita!" alisema kwa Kilingala. Nishuke. Nilikuwa nimeshashuka.

Wakanipeleka kwa mkubwa wao, waliyemwita chef, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, akila muhindi wa kuchoma. Alifuta vidole, akakizungusha kile kioo.

"Hii njo nini?"

"Ni kioo ya aparei ya foto, chef."

"Inaona mpaka wapi?"

"Mbali."

Akaniamuru nikifunge kwenye aparei. Nilikifunga. Alisimama, akaelekeza kwenye kilima cha ng'ambo, akafunga jicho moja. Alikaa hivyo muda mrefu. Nilijua anaona nini, kwa sababu kabla hajakiinua nilimwona kwa macho yangu mwanamke akilima pale juu, mdogo kama punje.

"Naona mpaka kitambaa ya kichwa yake," alisema polepole. Kisha akashusha aparei. "Unaona? Hii iko ya kupeleleza. Nani anakutuma?"

"Hakuna mutu ananituma. Mi ni mwalimu. Nafundisha biolojia."

"Mwalimu anataka kuona wapi?"

"Nilitaka kupiga mulima ya theluji."

Alicheka, na askari wake wakacheka kwa sababu yeye alicheka. Halafu akafungua mgongo wa aparei na kuvuta filimu yote nje, mita nzima, ikaning'inia kwenye jua. Ilikuwa na picha za shangazi yangu aliyekuwa amekufa wiki mbili kabla, za mwisho alizokubali kupigwa. Sikulia mbele yake.

Alinirudishia aparei na kioo. "Nenda. Mais nikikuona tena na hii mukono murefu, hapana rudi kwenu."

Wanawake wa viazi walikuwa wamenisubiri. Walikuwa wamemkataza dereva asiondoke bila mimi. Mmoja alinipa maji. Mpaka tunaingia Beni woga ulikuwa umeondoka, imebaki hasira. Nilijiambia sitaacha kupiga picha kwa ajili ya mtu yule. Lakini nilijua pia kwamba kioo kirefu katika nchi yenye barière kila baada ya kilima ni kifo cha bure. Siku moja kingenipeleka mahali ambapo wanawake wa viazi hawawezi kunisubiri.

Nyumbani kwa yaya, yaani dada yangu mkubwa, nilikuta msiba wa aina nyingine. Mume wake alikuwa na shamba la kahawa upande wa Oicha, alilolirithi kwa baba yake, na miti ilikuwa inakufa. Shemeji alikuwa mtu mnene na mchangamfu. Safari ile nilimkuta amekonda, na wakati wa kula alisahau mkono ndani ya sahani.

"Kesho njoo uone," aliniambia. "Weye ni mutu ya biolojia."

Tulikwenda asubuhi. Mti wenye afya ulisimama karibu na mti wenye majani yaliyonyauka, karibu na mwingine uliobaki fimbo. Shemeji alitoa kisu, akakwangua ganda karibu na udongo, akaninyooshea kidole. Chini ya ganda mbao ilikuwa na michirizi ya rangi ya wino, bluu iliyokaribia nyeusi, ikipanda juu kama mishipa.

"Kila muti inakufa iko na hii alama," alisema. "Ile haijakufa, ukikwangua, unaikuta imeshaanza. Nikielezea majirani banasema ni jua, ao ni sumu ya batu. Hapana taka kukwangua miti yabo."

Niliinama. Nilikuwa na filimu moja zaidi, niliyokuwa nimeificha katika kopo la unga wa uji. Niliitia, nikasogeza aparei, na kioo changu kifupi kikakataa. Hakikuweza kuona wazi kitu kilicho karibu kuliko nusu mita. Kutoka nusu mita, michirizi ile ilikuwa doa tu kwenye mti.

Nilisimama pale kwa hasira. Jana nilikuwa nimeambiwa nimeona mbali mno, na leo siwezi kuona kilicho chini ya pua yangu. Ndipo nikakumbuka mchezo mmoja ambao mzee wa studio aliwahi kunionyesha siku ya mvua isiyo na wateja. Nilifungua kioo, nikakigeuza nyuma mbele, nikakishikilia kwa vidole kwenye mdomo wa aparei. Nilipochungulia, nilishtuka. Michirizi ilijaza dirisha lote. Niliona vinyweleo vya mbao, niliona mahali wino unapoishia na weupe unapoanza.

"Shemeki, usitikise muti," nilisema.

"Sijaushika."

Ilikuwa mikono yangu. Nilipiga filimu nzima vile, nimepiga magoti kwenye majani makavu, yeye akishika kitenge changu juu kuzuia jua. Miti saba tuliikwangua. Tulipomaliza alikuwa anaongea kwa kasi kama zamani.

Niliporudi Butembo nilimweleza mzee wa studio habari yote ya barière, nikamrudishia kioo chake. Akanipa kiti. Kisha akachukua filimu yangu, akaisafisha. Kati ya picha zote, mbili tu zilitoka. Nyingine ziliungua kwa mwanga uliopita kati ya vidole vyangu, au zilitikisika. Lakini zile mbili niliziweka mezani na yeye akatafuta miwani yake.

"Hii ni nini? Mto?"

"Ni kahawa. Ndani ya muti."

Aliiangalia tena. "Donc, basi, sasa unataka nini?"

Nilikuwa nimeshaamua njiani. Kuna pete za chuma zinazofungwa kati ya aparei na kioo ili kukisogeza mbele. Kikisogea mbele kinaona karibu. Nilikuwa nimeziona katika gazeti moja la zamani la misheni. Hazina kioo ndani, ni matundu tu. Zinauzwa tatu pamoja.

Mzee alinikunjia uso. "Unaacha flashi kwa ajili ya matundu?"

"Naacha."

"Na ule mulima?"

"Naacha pia. Na kama chef akikamata hizi, ataona nini ndani? Ataona mukono yake mwenyewe upande wa pili."

Akatikisa kichwa, lakini ndiye aliyenipa shauri lililookoa jambo. Kila aina ya aparei ina mdomo wake, alisema, na mama mdogo akileta pete za mdomo mwingine zitakuwa bangili. Nimpe kifuniko cha nyuma cha kioo changu, ajaribishie dukani. Mama mdogo alikitumbukiza katika sakoshi, kati ya kitambulisho na vidonge vya tumbo, akanitazama kwa huruma.

"Una hakika? Nasikia flashi njo bintu ya maana."

"Nina hakika, mama mdogo."

Alikawia. Mpaka wa Kasindi ulifungwa, watu walisema kuna mapigano, kisha wakasema hakuna, na wiki mbili nzima hatukujua yuko upande gani. Mama yangu aliacha kula chakula cha mchana. Nami nilijilaumu kwamba katika kumwombea arudi, kila mara nilizikumbuka pete zangu, na nikaanza sala upya.

Alirudi Jumapili wakati wa ibada, amevimba miguu, akaketi benchi la nyuma. Tulipotoka nje alifungua kipande cha kitenge kilichofungwa fundo.

"Ule muuzaji alitaka kunipatia kioo kikubwa," alisema. "Nikamwambia hapana, mutoto ya dada yangu anajua kile anataka. Akasema hizi ni kitu ya tupu. Nikamwambia, basi funga ile tupu, mi niende."

Nilimkumbatia mpaka akalalamika mgongo.

Pete zilikaza kwenye mdomo wa aparei kama zilizaliwa pamoja. Miguu mitatu sikuihitaji. Nilishona mfuko mdogo, nikaujaza maharage, nikailaza aparei juu yake, ikatulia. Likizo iliyofuata nilipita barière ileile, pete zikiwa katika kopo la unga, na hakuna aliyezitazama. Shemeji alikuwa amekata nusu ya miti. Tulifanya kazi siku mbili: jani linaloanza kukunjamana, ganda, michirizi, mzizi, na mti wenye afya kwa kulinganisha.

Picha kumi na moja nilizibandika kwenye ukuta wa darasa. Shule yetu ilikuwa imeporwa vitabu, na kwa mwaka mzima nilikuwa nimechora kila kitu ubaoni kwa chaki. Wanafunzi walisongamana. Binti mmoja aliyekuwa hasemi kamwe darasani alinyoosha kidole: "Madame, hii iko kwetu." Kesho yake walileta vipande vya matawi, na wiki iliyofuata wakaanza kuja baba zao.

Mmoja alikuwa mkulima mzee aliyetembea tangu alfajiri. Alivua kofia mlangoni, akasogea kwenye picha ya michirizi, akakaa mbele yake muda mrefu kiasi kwamba niliendelea na somo naye akiwa pale.

"Miaka tatu," alisema wanafunzi walipotoka. "Miaka tatu nasema ni jirani yangu ananifanyia sumu. Hatusalimiane."

Nilimweleza nilichojua: ni ugonjwa wa kuvu, hakuna dawa, ni kung'oa na kuchoma palepale, na kutopeleka kuni zake shamba lingine. Sikutaka kumdanganya.

"Yote?"

"Yote iliyo na alama, baba."

Aliinamisha kichwa. Kisha akauliza kama anaweza kuibeba ile picha. Niliibandua, nikampa. Aliifungua Biblia yake, akaiweka ndani, akavaa kofia.

"Naanzia kwake," alisema. "Kwa jirani. Nikwangue muti yangu mbele yake, aone. Wasingya, Madame." Alinishukuru kwa lugha ya kwetu.

Alishuka njia ya nyuma ya shule, ile inayokata kwenda mashambani, akitembea haraka kuliko nilivyotegemea kwa umri wake. Mimi nikaingia darasani kuhesabu ni picha zipi zimebaki ukutani, na ipi nimwombe mzee wa studio aisafishe tena.